Gari ya Wagonjwa Ikichelewa: Mwongozo kwa Shehia za Pemba

Safari ya gari ya wagonjwa huhesabiwa mara mbili. Gari iko hospitalini, mgonjwa yuko kijijini. Lazima ije kwanza, ndipo irudi naye. Kama njia ni ya dakika 40, basi hata dereva akiondoka simu ikiwa bado i moto mkononi, mgonjwa atamfikia daktari baada ya dakika 80, na hapo hatujahesabu kumtoa ndani na kumpakia. Noah ya jirani inayolala nyuma ya msikiti ingemfikisha kwa dakika 40 tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza gari itafika lini, ulizaneni huyu mgonjwa anahitaji nini: kufika hospitali haraka, au kuhudumiwa akiwa njiani? Mambo mengi ya mwongozo huu yanatoka kwenye swali hilo.

Dakika zinapopotea

Watu hulaumu gari, na mara nyingine ni kweli. Wilaya ina magari machache. Moja ikipeleka rufaa hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, kijiji cha upande wa pili kinabaki hakina gari mpaka irudi. Lakini ukiandika saa za tukio zima kwenye karatasi, utakuta sehemu kubwa ya muda imekwenda kwingine:

- Kungoja ruhusa. Mume yuko dago, kambi ya uvuvi, simu yake haipatikani, na hakuna aliyeambiwa kwamba anaweza kuamua.
- Kutafuta pesa. Mafuta, chakula cha wanaomsindikiza, hereni za kuweka rehani.
- Kutafuta namba ya dereva, kisha kugundua kwamba kabadilisha laini.
- Gari kupotea. Dereva kaambiwa "kwa Mzee Hamadi, karibu na mwembe", na kila mtaa una Hamadi na mwembe.
- Kufika hospitali na kukaa kwenye benchi kwa sababu hakuna aliyesema hii ni dharura.

Haya yote shehia inaweza kuyapunguza bila kununua gari hata moja.

Mambo ya kupanga kabla

Sheha aite kikao cha saa moja: mjitolea wa afya wa jamii, mkunga anayejulikana, wenye magari wawili watatu, mwenye boti kama mko pwani, na kijana mmoja anayezijua nyumba zote. Kikao kiondoke na mambo manne.

La kwanza ni orodha ya madereva. Andikeni watano, na wawili kati yao wawe ni watu wanaolala kijijini. Gari inayolala mjini Chake Chake haina faida saa 8 usiku. Kila dereva aandikiwe namba mbili, yake na ya mtu anayelala naye nyumba moja, maana simu ya dereva huzimwa au huwekwa chaji chumba kingine. Kubalianeni nauli ya mchana na ya usiku hapo hapo, iandikwe. Dereva akijua atalipwa kiasi gani na nani, hajadiliani mlangoni mgonjwa akiwa anatoka damu.

Mkubaliane pia kwamba gari hizo hazilali na mafuta chini ya robo tangi. Kuweka dumu la petroli ndani ya nyumba kwa ajili ya dharura ni kujitafutia dharura nyingine.

La pili ni mfuko. Kiwango cha kuanzia ni nauli ya safari tatu za usiku hadi hospitali yenu ya wilaya. Pesa ziwekwe kwenye simu ya mtu mmoja, na mwengine awe na daftari. Anayechukua hurudisha kwa awamu, na mfuko usiwe wa kuomba: mjitolea au sheha akisema "dharura", pesa inatoka, maswali kesho. Mfuko unaohitaji watu watano kutia saini usiku ni sawa na kutokuwa nao.

La tatu ni uamuzi. Kila nyumba yenye mjamzito, mzee wa presha au kisukari, au mtoto mwenye selimundu, itaje mapema nani anaamua kama baba hayupo. Litamkwe mbele ya jamaa, jina kwa jina. Ni jambo dogo kwa kulisema, na kuliko yote haya manne ndilo linalookoa muda mwingi zaidi.

La nne ni vifaa. Wekeni mahali pamoja panapofunguka usiku, kama ofisi ya sheha au nyumba ya jirani na msikiti:

- ubao wa urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 45 hivi, wenye matundu ya kushikia pembeni, au mlango wa zamani uliopigwa randa
- mikanda 4 ya kitambaa, kila mmoja mita 2
- khanga 6 safi na blanketi 2
- karoni (turubai) ya plastiki mita 2 kwa 2
- glavu boksi moja, na mkasi
- tochi 2, betri zake zitolewe zikae nje
- pakiti 10 za ORS na chupa ya lita moja
- daftari, kalamu, na orodha ya namba iliyobandikwa ndani ya kifuniko

Kitanda cha kamba kinafaa kubebea mtu aliyeishiwa nguvu. Kwa aliyeanguka mkarafuu hakifai, kwa sababu kamba hulegea na mgongo ukapinda.

Kupiga simu

112 ni simu ya dharura ya polisi, haina malipo, na hupigika hata salio likiwa limekwisha. Kwa mjamzito, mama ndani ya siku 42 za kujifungua na mtoto mchanga hadi siku 28 kuna mfumo wa m-mama, namba 115, nao bure. Anayepokea huuliza dalili kwa utaratibu, kisha hutafuta gari ya wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, na dereva huyo hulipwa na mfumo. Msiiombe familia nauli tena. Namba ya moja kwa moja ya hospitali yenu ya wilaya, iwe Micheweni, Wete, Chake Chake, Vitongoji au Mkoani, iulizwe kituoni siku ya kliniki na ipigwe mara moja mchana kuona kama inapokelewa. Namba iliyoandikwa ukutani miaka mitatu iliyopita si namba.

Aongee mtu mmoja, wengine wanyamaze. Aseme kwa mpangilio huu:

1. Naitwa fulani, namba yangu ni hii, ikikatika nipigieni.
2. Tupo shehia fulani, kijiji fulani.
3. Mgonjwa ni mwanamke, miaka 30 hivi, amejifungua saa 1 usiku, damu haikatiki.
4. Ana fahamu au hana. Anapumua vipi.
5. Tuna gari yetu au hatuna.
6. Gari yenu iko wapi sasa hivi, na dereva namba yake ni ipi?

Swali la sita ndilo watu husahau. "Inakuja" inaweza kuwa na maana kwamba imo barabarani, au kwamba dereva anatafutwa. Mkishapata namba ya dereva mzungumze naye mwenyewe, si kupitia mtu wa tatu.

Kuelekeza: anza na kitu kikubwa ambacho mgeni hawezi kukikosa, ushuke hadi nyumba. Barabara kuu, skuli au kituo cha afya, upande wa kukata, idadi ya njia za kupita, halafu mtu mwenye tochi. "Ukitokea Chake, pita skuli mkono wa kulia, njia ya pili ya vumbi kushoto, kijana mwenye tochi amesimama kwenye kona." Kijana huyo atumwe kabla simu haijakatwa. Usiku asimulike tochi machoni mwa dereva. Aishushe na kuipunga chini.

Simu yenye ramani hutoa namba za mahali hata pasipo bando, kwa kuwa hizo hutoka kwenye setilaiti. Gusa na ushikilie pale ulipo mpaka namba mbili zitokee, uzitume kwa ujumbe wa kawaida. Kwa Pemba namba ya kwanza huanza na -4.8 hadi -5.4 na ya pili 39.5 hadi 39.8. Ukiona tofauti na hizo umegusa pengine, na dereva atapelekwa baharini.

Kungoja, kuondoka, au kukutana njiani

Ondokeni mara moja na gari mliyo nayo, huku mkiipigia hospitali, kama tatizo ni la kutibiwa chumba cha upasuaji au kwa damu: kutoka damu ya uzazi, mimba iliyotunga nje, uchungu uliokwama, jeraha la tumbo au kifua, dalili za kiharusi. Mtu wa aina hii kila dakika ya kungoja anaipoteza bila kupata chochote.

Ngojeni gari ya wagonjwa kama anahitaji oksijeni na gari yenyewe imeshakaribia, au kama ameumia shingo au mgongo, anapumua vizuri na hatoki damu. Mwenye mgongo akingoja dakika 30 amelala sawasawa, ameumia kidogo kuliko akikunjwa kwenye kiti cha nyuma kwa dakika 10.

Njia ya tatu watu hawaitumii vya kutosha: kukutana. Gari yenu inatoka, ya wagonjwa inatoka, mnakutana katikati. Kwa njia ile ya dakika 40, mkiondoka wakati mmoja mgonjwa anashikwa na mhudumu mwenye oksijeni baada ya dakika 20. Ili isiharibike, mambo matatu yanahitajika. Mahali pa kukutania pawe pamoja tu, panapojulikana, penye nafasi ya magari mawili kugeuka, kama uwanja wa skuli au njia panda yenye taa. Madereva wawili wawe wanazungumza, na anayeshika simu awe abiria. Na anayefika kwanza hangoji zaidi ya dakika 5. Akishindwa kumpata mwenzake kwa simu anaendelea mbele kwa barabara ile ile, bila kukata njia ya mkato. Magari hupishana gizani pale mmoja anapojiona mjanja akapita njia ya ndani.

Kituo cha afya kilicho karibu kipitiwe kama kina cha kutoa kwa dakika chache: dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba, sindano ya kusaidia mfuko wa uzazi kukaza, dripu, au sukari. Pigeni kwanza mjue kama mhudumu yupo. Kupita kwenye kituo kilichofungwa, mkagonga dirisha la nyumba ya muuguzi, mkangoja avae, ni robo saa imekwenda.

Huku gari ikitafutwa

Haya ni ya dakika za mwanzo. Hayachukui nafasi ya mafunzo, na kila shehia ingefaa iwe na watu wawili waliofunzwa huduma ya kwanza. Asiyefunzwa naye anaweza mengi.

*Hana fahamu lakini anapumua.* Mlaze ubavu, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Usimpe kitu mdomoni: si maji, si asali, si kombe, si zamzam. Kinachoingia kwa mtu asiyemeza huenda kwenye mapafu. Kama familia inataka kisomo, msomaji apande gari asome njiani.

*Hapumui, au anakoroma kwa kuvuta pumzi moja moja.* Mlaze chali pahala pagumu, si kwenye godoro. Kandamiza katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiachia kifua kirudi juu kila mara. Kama unajua kutoa pumzi, ni mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Badilishaneni kila dakika 2, kwa sababu anayekandamiza huchoka kabla hajajijua. Ndani ya gari inayotikisika mikandamizo haishuki vya kutosha, basi anzeni chini papo hapo.

*Aliyezama.* Kazi ifanyike mchangani alipotolewa. Pumzi 5 kwanza, kisha 30 kwa 2. Kumning'iniza kichwa chini au kumkandamiza tumbo "maji yatoke" kunaleta matapishi na kupoteza muda; anachokosa ni hewa.

*Damu ya jeraha.* Kanga iliyokunjwa, kiganja juu yake, uzito wa mwili mzima, dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Ikilowa ongeza nyengine juu. Mkono au mguu unaoruka damu na haukati kwa kukandamizwa, funga kitambaa cha upana wa sentimita 5, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha na si kwenye kiungo, pitisha kijiti, zungusha mpaka damu ikate, kifunge kisirudi. Andika saa kwenye ngozi yake. Usifungue mpaka hospitali. Kamba nyembamba, waya na mpira wa baiskeli hukata nyama na damu ikaendelea.

*Damu baada ya kuzaa.* Khanga nzima imelowa, au damu inatiririka bila kukoma, au kondo la nyuma halijatoka baada ya dakika 30: ni safari. Sugueni tumbo kwa mduara chini ya kitovu mpaka fuko la uzazi ligande gumu chini ya mkono, na mrudie kila likilegea, njia nzima. Mama akojoe kabla ya kuondoka, kwani kibofu kilichojaa huzuia fuko lisikaze. Mtoto awekwe kifuani anyonye. Usivute kamba ya kitovu. Kondo likitoka litiwe mfukoni liende naye, daktari ataliangalia kama limetimia. Mama anaweza kufa kwa damu hii ndani ya saa mbili, ndiyo maana mwanamke wa namna hii hangojei gari ya mbali.

*Degedege au kifafa, akiwa mjamzito au la.* Ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu (mjamzito ubavu wa kushoto), tazama saa. Kijiko mdomoni huvunja meno. Kiatu na kitunguu puani havifanyi lolote. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, ni dharura. Kwa mjamzito ni dharura tangu mwanzo, hata ikikoma.

*Kuanguka mkarafuu au mnazi.* Msimnyanyue kwa kwapa kumuuliza kama anaweza kusimama. Ndivyo wengi wanavyofanya, tena kwa wema. Mtu mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kiwe sambamba na mwili. Watatu wapige magoti upande mmoja: bega, nyonga, magoti. Wa kichwani ndiye anayehesabu. Kwa "tatu" wote wanamgeuza ubavu kama kitu kimoja, wa tano anasukuma ubao chini, wanamrudisha chali. Taulo zilizokunjwa pande mbili za kichwa, kisha mikanda: kifua, nyonga, mapaja, na ya kichwa iwe ya mwisho. Akitapika mnageuza ubao mzima. Msimu wa karafuu ubao usikae kwa sheha. Upelekwe shambani na wachumaji.

*Kiharusi.* Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno hayatoki sawa. Dalili moja inatosha. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, si saa mliyomgundua. Daktari atauliza hilo kwanza. Dawa ya presha ya jirani asipewe.

*Moto au maji ya moto.* Maji safi ya kawaida yatiririke dakika 20, pete na bangili zitolewe, kisha kitambaa safi. Dawa ya meno, unga na mafuta hubanduliwa hospitalini pamoja na ngozi.

*Kuharisha sana.* ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kufuta, kwa lita moja. Mtoto apewe kijiko kila dakika moja au mbili, ndani ya gari pia.

Kupakia na kuendesha

Kwenye Noah kunjeni viti vya nyuma, tandikeni godoro na karoni juu yake. Kichwa kielekee mbele, msaidizi akae upande wa kichwa, si miguuni. Mwenye kukosa pumzi akae wima. Mjamzito alale kushoto. Aliyepoteza damu alale chali, miguu iinuliwe sentimita 30 hivi, afunikwe, maana anayetoka damu akipoa damu haigandi vizuri. Wasindikizaji wawe wawili: mmoja wa kumhudumia, mmoja wa simu na daftari. Gari ya watu tisa hutembea polepole, na hospitalini wengi wao hawana kazi.

Bodaboda ni kwa mtu mwenye fahamu kamili anayeweza kushikilia mwenyewe. Kumbana mgonjwa aliyezimia katikati ya watu wawili kunakunja shingo na kuziba koo. Amekuwa akifa njiani mtu ambaye angengoja dakika 15 zaidi angefika.

Dereva awashe taa za tahadhari, afunge simu, na apite matuta taratibu. Kati ya Mkoani na Chake ni kilomita 30 hivi. Kukimbia kutoka mwendo wa 60 hadi 80 kwa umbali huo kunaokoa dakika 7 au 8 kama hakuna hata tuta moja, na matuta yapo. Dakika hizo ni rahisi zaidi kuzipata kwa kuwa na namba ya dereva mapema.

Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza

Visiwani kuna kitu kimoja zaidi cha kuuliza: maji yakoje? Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, wakati wa bamvu, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na jioni, hukauka karibu na saa 4 asubuhi na usiku, kisha saa hizo husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Wavuvi wanalijua hili kuliko kitabu chochote. Linalokosekana ni kulipangia. Chagueni madiko mawili (mahali pa boti kufika pwani) kila upande, la maji kujaa na la maji kupwa, na muandike kwenye orodha ile ile ya namba lipi linatumika lini. Dereva wa upande wa pili akiegesha diko la kujaa huku boti imekwama kwenye fungu mita 300 nje, mgonjwa atabebwa matopeni na watu sita, peku, juu ya miiba ya baharini.

Vitu vya boti ya zamu:

- Petroli kwa kanuni ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Mashine ya nguvu farasi 15 ikisukumwa yote hula lita 6 hivi kwa saa.
- Mashine ya kuchanganya oili kwa 50 kwa 1 ni mililita 200 kwa lita 10. Mchanganyiko uliokaa miezi umepoa nguvu; utumike kwa uvuvi, ubadilishwe.
- Plagi ya akiba na spana yake, pini ya pangaboi, kamba ya kuwashia. Ukosefu wa plagi moja umelaza boti nyingi kuliko dhoruba.
- Kafi mbili na nanga.
- Majaketi ya kuokolea, la mgonjwa likiwa la kwanza. Aliyefungwa kwenye ubao hafungwi ubao na boti. Boti ikipinduka, ubao lazima uwe huru.
- Tochi, na simu mbili za mitandao tofauti ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Mgonjwa akae katikati, chini, kwenye karoni, upande wa nyuma ya katikati ambako boti haipigi sana. Mashine ipigwe mkono mara moja kila siku ya zamu, dakika 2, hata kama hakuna safari.

Gari ya ng'ambo ipigiwe kabla boti haijaondoka, isingoje mpaka mmefika. Kwa mjamzito wa visiwa hivi, shauri la kweli ni kuvuka wiki mbili kabla ya siku ya makisio, akakae kwa jamaa karibu na hospitali, hasa kama aliwahi kupasuliwa, ana pacha, au uzazi uliopita alitoka damu nyingi. Kuvuka kwenda Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, ni uamuzi wa daktari wa Pemba, ambaye hupanga usafiri baada ya hali kutulizwa. Familia isijipeleke bandarini na mgonjwa mahututi.

Mlangoni

Karatasi moja iende naye: jina, umri, tatizo na saa lilipoanza, dawa anazotumia, mzio, alichopewa, na kadi ya kliniki. Saa ziandikwe kwa namna mbili, "saa 2 usiku, 20:00", maana faili la hospitali huandikwa kwa saa 24.

Mkifika, anayeongea aseme "mgonjwa wa dharura" kabla ya salamu ndefu, kisha sentensi moja: "Mwanamke wa miaka 30, amejifungua saa 1 usiku, damu nyingi, alizimia mara moja njiani." Kitambulisho na kadi ya bima vifuate baadaye kwa mkono wa msindikizaji wa pili. Kama damu huenda ikahitajika, wasindikizaji wawe watu wazima wa miaka 18 na zaidi, kilo 50 na zaidi, wenye afya, ili waweze kutoa.

Gari ikirudi

Glavu mkononi, futeni damu kwa kitambaa, kisha pakeni dawa ya klorini ya kufulia. Ile ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji. Iachwe dakika 10, ndipo muoshe. Khanga na blanketi zirudishwe zikiwa kavu. Pakiti ya ORS iliyotumika ibadilishwe kesho yake.

Kabla watu hawajalala, mwenye daftari aandike saa za mambo sita: dalili zilipoonekana, uamuzi ulipotolewa, simu ilipopigwa, gari ilipofika, ilipoondoka, na mgonjwa alipopokewa na mhudumu. Toeni moja kwa nyengine. Pengo kubwa kuliko yote ndilo la kushughulikiwa kwenye kikao kijacho, na mara nyingi halitakuwa lile mliloliona usiku ule. Likiwa kati ya simu na kufika gari, mkiwa na matukio matatu au manne yenye saa zilizoandikwa, sheha anayo karatasi ya kumpelekea Mkuu wa Wilaya na mganga mkuu wa hospitali. Malalamiko yasiyo na saa hupokewa kwa heshima, yakaishia hapo.

Orodha ya namba ipigwe yote kila baada ya miezi mitatu. Isiyopokelewa mara mbili inafutwa, na mwenye gari mwengine anaandikwa siku hiyo hiyo.